Uaminifu Usiofika Benki

Mhadhara kuhusu alama ya mkopo, kwa wakazi wa Jinja na Mbale

   

Lengo la leo ni kueleza nambari moja ambayo afisa mikopo huisoma kabla mkopaji hajavuta kiti, na kuonyesha njia za kuipandisha. Hoja itakayotetewa ni hii: watu wa miji hii miwili kwa kawaida hulipa madeni yao. Ila hulipa mahali ambapo benki haina jicho, kama kwenye kikundi, dukani au kwa jirani, na uzembe wao mdogo huufanyia mahali ambapo kila kitu kinaandikwa. Ndiyo maana mtu anayeaminika mtaa mzima anaweza kukataliwa benki bila kuelewa kosa lake. Hoja zimepangwa katika sehemu sita.

1. Kumbukumbu za madeni zimehama

Kuandika nani hulipa na nani hukwepa ni kazi ya zamani. Jinja ilipokuwa mji wa viwanda, na bwawa la Owen Falls likafunguliwa mwaka 1954, mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuchukua unga na mafuta ya taa dukani kwa kuandikishwa, akalipa mshahara ukitoka. Mwenye duka alikuwa na daftari lake. Wanaotabasamu pale nyuma wanalijua daftari hilo. Huenda majina ya baba zao yamo. Huku Mbale, Bugisu Cooperative Union ilianza mwaka huohuo wa 1954, na mkulima wa kahawa alijulikana kwa kilo alizopeleka kwenye chama chake cha msingi, msimu hadi msimu.

Kisha kumbukumbu hizo zikavurugika. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia, waliokuwa na mengi ya maduka hayo, siku 90 waondoke. Maduka yakagawiwa wenye bahati, wale walioitwa mafuta mingi, lakini ujuzi wa nani aaminiwe kwa kiasi gani haukuweza kugawiwa pamoja na rafu na mizani. Miaka ya tisini ikaisha na pigo jingine: International Credit Bank ilifungwa mwaka 1998, Greenland Bank na Cooperative Bank zikafuata 1999. Mikopo isiyolipika ilikuwa miongoni mwa maradhi ya benki hizo, na kufungwa kwa Cooperative Bank kuliwagusa moja kwa moja watu wa ushirika.

Serikali ikajibu kwa sheria. Sheria ya Taasisi za Fedha ilipitishwa 2004, na kanuni za ofisi za kumbukumbu za mikopo, zile ambazo kila mtu huziita CRB, zikatoka 2005. Desemba 2008 CRB ya kwanza, Compuscan, ikaanza kazi. Wakati huo Uganda haikuwa na kitambulisho cha taifa, hivyo wakopaji walipigwa picha, wakachukuliwa alama za vidole na kupewa kadi maalumu ya kifedha. Kabla ya hapo mtu aliweza kukopa Jinja kwa jina moja na Mbale kwa jina jingine, akalala usingizi. Baadaye Metropol na gnuGrid ziliingia katika kazi hiyo, na uandikishaji wa taifa ulioanza 2014 ukampa raia NIN, nambari ya utambulisho wa taifa. Leo nambari hiyo ndiyo inayounganisha madeni ya mtu, popote alipokopa.

2. Alama hutengenezwa na nini

Benki na taasisi nyingine zilizo chini ya Benki Kuu ya Uganda hupeleka CRB taarifa za wakopaji: mkopo ulichukuliwa lini, ulikuwa wa kiasi gani, umebaki kiasi gani, marejesho yamechelewa siku ngapi. Hundi zilizorudishwa kwa kukosa fedha nazo zimo. Ombi jipya la mkopo likifika, benki hutakiwa kuisoma ripoti hiyo kabla ya kuamua.

Kutokana na ripoti, kompyuta hupiga hesabu na kutoa alama. Metropol ya Kenya hutumia kipimo cha 200 hadi 900. Marekani, alama ya FICO, ambayo imetumika tangu 1989 na imepewa jina la kampuni iliyoanzishwa na Bill Fair na Earl Isaac mwaka 1956, huanzia 300 na kuishia 850. Kila CRB ina hesabu yake, lakini FICO imetangaza mgawanyo wake, nao unasaidia kuona mambo yanayopewa uzito. Historia ya kulipa kwa wakati ina asilimia 35. Kiasi cha deni ambacho mtu anadaiwa sasa kina asilimia 30. Urefu wa historia una 15, maombi mapya ya mikopo 10, na aina mbalimbali za mikopo 10.

Jumlisha mbili za kwanza: 65 kati ya 100 zinatokana na kulipa kwa tarehe na kutojaza madeni. Hakuna mahali palipoandikwa kabila, dini, ukubwa wa shamba wala aina ya gari. Mwenye gari kubwa aliyechelewesha marejesho miezi minne anaweza kuwa nyuma ya mama anayeuza nyanya, na kwa hilo wenye magari makubwa waliopo ukumbini wanaombwa radhi.

Asilimia 10 ya maombi mapya inastahili neno moja. Mtu akikataliwa benki ya kwanza, mara nyingi hukimbilia ya pili, ya tatu na ya nne wiki hiyohiyo. Kila ombi linaacha kumbukumbu ya kuwa ripoti yake imesomwa, na anayesoma baadaye huona mtu aliyebanwa. Ni afadhali kutulia, kuuliza sababu ya kukataliwa, na kuirekebisha kwanza.

3. Mkopo mdogo wa simu si mdogo

MTN ilileta pesa za simu Uganda mwaka 2009. Agosti 2016 ikaja MoKash, kwa ushirikiano wa MTN na Commercial Bank of Africa, ambayo sasa ni NCBA. Airtel nayo ikawa na Wewole. Mtu akabonyeza vitufe akiwa kwenye foleni ya matatu na pesa zikaingia. Hakuna fomu, hakuna mdhamini, hakuna afisa wa kumkazia macho. Kwa sababu hakuna uso, wengi huona hakuna deni. Lakini nyuma ya menyu ya simu kuna benki, na benki hupeleka taarifa CRB kama ambavyo ingepeleka za mkopo wa kujenga nyumba.

Tuchukue ada ya asilimia 9 kwa siku 30. Kwa shilingi 100,000 ni 9,000, na kwa mwenye biashara inayozunguka haraka hiyo si hasara. Lakini anayeurudia mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mzima atakuwa amelipa ada ya 108,000, zaidi ya pesa alizokopa. Mkopo wa benki wa shilingi, ambao riba yake kwa miaka mingi imekuwa karibu asilimia 20 kwa mwaka, unaonekana ghali hadi mtu apige hesabu hii.

Kenya imetangulia njia hiyo na imeonyesha inakofika. M-Shwari ilianza Novemba 2012, programu nyingine za mikopo zikafuata kwa wingi, na usemi wa "kupelekwa CRB" ukawa wa kawaida mitaani Nairobi. Mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya ilizuia wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa kupeleka majina CRB, na ikakataza mtu kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000 za Kenya. Novemba 2022 ikatangaza mpango wa kusafisha kumbukumbu: wakopaji wa simu wapatao milioni 4.2 walikuwa wameorodheshwa kama wasiolipa, na benki zikatakiwa kuwapunguzia angalau nusu ya deni hadi Mei 2023. Watu wengi kiasi hicho, na wengi wao kwa madeni ambayo hayafiki bei ya mbuzi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kufungua menyu ya simu na kutazama kama kuna deni lililosahauliwa, hasa kwenye laini isiyotumika tena. Laini ikiwa imesajiliwa kwa NIN ya baba na simu iko kwa kijana, mkopo ni wa baba. Kijana hatautaja, ripoti itautaja.

Wakopeshaji binafsi wa mtaani ni habari nyingine. Tanzania mikopo yao mikali huitwa kausha damu, na hapa walimu wanajua jinsi kadi ya ATM inavyobaki kwa mkopeshaji hadi deni liishe. Mwaka 2024 serikali ya Uganda iliweka kikomo cha riba ya wakopeshaji hao kuwa asilimia 2.8 kwa mwezi, na mamlaka inayowasimamia ni UMRA, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016. Anayedaiwa zaidi ya hapo ana pa kulalamika. Na jambo lisilosemwa: wengi wa wakopeshaji hao hawapeleki taarifa CRB. Mwalimu anaweza kuwalipa kwa miaka bila kuchelewa hata siku moja, na asipate hata nukta moja ya alama.

4. Saini ya mdhamini ni deni

Hapa ndipo undugu unapokutana na kompyuta. Binamu anataka kununua pikipiki, shemeji anataka ada ya chuo, mjomba ana sherehe ya imbalu, ile tohara ya miaka ya shufwa. Anahitajika mtu wa kuweka saini. Kukataa ni aibu, na saini hutiwa juu ya chupa ya bia au kikombe cha chai, bila karatasi kusomwa.

Mdhamini ameahidi kwamba mkopaji akishindwa, yeye atalipa. Benki ina haki ya kumdai, na inapopima uwezo wake wa kukopa huweza kuihesabu ahadi hiyo kama mzigo alionao tayari. Mtu anaweza kufika kuomba mkopo wake wa kwanza maishani na kukuta benki inamtazama kama mwenye deni.

Hakuna anayeshauriwa kuukana ukoo wake. Yanashauriwa mambo manne kabla ya saini. Mdhamini ajue kiasi kamili na tarehe ya mwisho. Dhamana iwe na kikomo kwa maandishi, isiwe ya kila deni ambalo mkopaji atachukua baadaye. Apate nakala ya ratiba ya marejesho. Na aiombe benki impigie simu marejesho yakichelewa mara ya kwanza, kwa kuwa deni la mwezi mmoja linazungumzika na la miezi sita limeshaharibu.

5. Malipo mema ambayo hayasomeki

Sasa upande mzuri, ambao mhadhara huu unaukazia zaidi. Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo wa sanduku lenye kufuli tatu vilianzishwa na CARE nchini Niger mwaka 1991, na vimeenea Uganda nzima. Kila wiki wanachama hununua hisa, hupigiwa muhuri kwenye kijitabu, hukopa na kulipa mbele ya macho ya wote. Mwisho wa mzunguko hugawana. Nigiina, michango ya zamu ya akina mama, nazo zinaendeshwa kwa uaminifu ambao benki nyingi zingeuonea wivu. Mama aliyekaa kwenye kikundi miaka minane bila kuchelewa ana historia ndefu na safi. Kwa benki, hana historia kabisa.

Serikali nayo imeingiza pesa nyingi vijijini. Mpango wa Maendeleo wa Parokia, PDM, ulizinduliwa 26 Februari 2022 huko Kibuku, si mbali na Mbale, kwa shilingi milioni 100 kwa kila parokia kwa mwaka na mkopo wa milioni 1 kwa mnufaika kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Mpango mwingine wa serikali, Emyooga, ulitangulia 2019. Kuna wanaozichukua kama zawadi ya siasa na wanaozichukua kama mkopo. Tofauti kati ya makundi hayo mawili itaonekana pale mtu atakapotaka mkopo wa pili, mkubwa zaidi, na kuulizwa wa kwanza uliishaje.

Basi malipo mema yafanyweje yasomeke? Kikundi kifungue akaunti benki kwa jina lake na kupitisha humo akiba, badala ya kuiacha yote sandukuni. Mwanachama awe na akaunti yake, hata ndogo, na mapato ya duka au kibanda yapitie humo ili mzunguko wa pesa uonekane. Akishajiweka sawa, achukue mkopo mdogo kutoka taasisi inayopeleka taarifa CRB, kiasi ambacho angeweza kulipa hata biashara ikiyumba, na aumalize kwa tarehe. Kukopa bila haja ni upotevu. Lakini mwenye haja ya kuongeza mtaji wa 500,000 afikirie ni nani ataandika kwamba ameulipa.

Asiye na hati ya ardhi asikate tamaa. Sheria ya dhamana ya mali zinazohamishika ya 2019 inaruhusu cherehani, bidhaa za dukani, ng'ombe au mashine ya kukoboa kusajiliwa kama dhamana. Hii ina maana kubwa kwa wanawake, kwa kuwa mara nyingi hati ya shamba ina jina la mume. Na kwa Waislamu wanaokwepa riba, ambao kwa sababu hiyo hawana historia yoyote ya mkopo, mlango umefunguka: mabadiliko ya sheria ya 2016 yaliruhusu benki za Kiislamu, na Salaam Bank ikapata leseni ya kwanza mwaka 2023. Anayenunuliwa bidhaa na benki na kuilipa kwa awamu ana tarehe za kutimiza sawa na mkopaji mwingine.

Jambo la mwisho katika hoja hii ni ratiba. Kahawa ya Mlima Masaba huvunwa zaidi kuelekea mwisho wa mwaka. Miwa ya Busoga hukaa shambani karibu miezi 18 kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Mkulima anayesaini marejesho ya kila mwezi kuanzia Aprili amekubali kuchelewa kabla hajachelewa. Aombe ratiba ya msimu siku ya kusaini. Siku ya kudaiwa huwa ameshachelewa kuomba.

6. Haki ya kusoma na kurekebisha

Mkopaji ana haki ya kuiona ripoti yake na kupinga kilicho cha uongo ndani yake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaiunga mkono haki hiyo. Makosa hutokea: jina lililofanana, mkopo uliolipwa lakini haukufungwa kwenye kompyuta, mshahara uliochelewa kwa mwajiri na makato yakaonekana kama uzembe wa mwalimu. Mwalimu huyo aombe barua ya mwajiri na kuipeleka benki mapema.

Njia ya kufuata ni nyepesi. Mtu aende CRB akiwa na kitambulisho cha taifa na aombe ripoti. Asome kila mstari. Akikuta kosa, aandike malalamiko kwa CRB na kwa benki iliyopeleka taarifa, aambatanishe risiti, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Benki isipojibu, shauri lipelekwe Benki Kuu ya Uganda, ambayo ina tawi Jinja na jingine Mbale. Miongozo yake ya kumlinda mteja ya 2011 inazitaka benki zishughulikie malalamiko.

Kwa ambaye deni ni la kweli na limemshinda, asijifiche. Mkopo ukifika siku 90 bila kulipwa huhesabiwa mbovu, na kabla ya hapo kuna nafasi ya kupanga upya. Mafuriko ya Julai 2022 yalipoikumba Mbale, mwenye duka aliyepoteza bidhaa alikuwa na hoja ambayo kila afisa mikopo angeielewa. Aprili 2020, wakati wa Korona, Benki Kuu yenyewe iliruhusu benki kuwapangia upya wakopaji walioathirika. Na baada ya kulipa, aombe barua ya kuthibitisha deni limekwisha. Habari ya kuchelewa haifutiki siku ya malipo, lakini kila mwezi mpya uliolipwa kwa wakati unaisukuma nyuma.

Yaliyo mbele

Tangu mabadiliko ya 2016, sheria inaruhusu wakopeshaji wengine nje ya benki, zikiwemo SACCO, yaani vyama vya kuweka na kukopa, kukubaliwa kubadilishana taarifa na CRB. Hapo ndipo mji wa Jinja na mji wa Mbale, yote miwili ikiwa imepata hadhi ya jiji Julai 2020, ina uamuzi wa kufanya. SACCO zikijiunga pamoja na vikundi vilivyo chini yake, miaka minane ya yule mama itaanza kuonekana Kampala. Lakini taarifa za waliochelewa nazo zitakwenda, wakiwemo wale ambao kikundi kiliwavumilia kwa sababu ya msiba au ugonjwa. Sanduku lenye kufuli tatu lina huruma. Kompyuta ina safu ya siku zilizochelewa.

Pendekezo ni kwamba kila SACCO iliyowakilishwa hapa iulize wanachama wake swali hilo kwenye mkutano mkuu ujao, kabla ya msimu wa kahawa, na iandike masharti: taarifa gani ziende, nani aidhinishe, na mwanachama aliyepewa muda na wenzake aandikweje ili asionekane mkwepaji. Makatibu wa vikundi waanze sasa kuandika tarehe na NIN kwenye vijitabu, kwa sababu daftari lisilo na tarehe halitahamishika hata milango ikifunguliwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha hapa Mbale wanaosoma uhasibu wanaweza kuwasaidia makatibu hao Jumamosi.

Mwenyekiti ameashiria saa. Wenye maswali wameshaonekana safu ya mbele, na la kwanza lianze na suala hilo la masharti.